Kiraka Kwenye Uso wa Gitaa

Mtu apewapo gitaa mkononi, macho hutangulia masikio. Kabla hajagusa uzi hata mmoja, ameligeuza mgongo na kifua, ametazama kama lang'aa, na moyoni amekwisha kulikadiria bei. Mafundi wetu wa mbao walijua jambo hilo tangu zamani. Ndiyo maana wengi wao, wakiisha kuunganisha mbao, hukimbilia vanishi nzito ya kupakia milango, wakaimwaga tabaka juu ya tabaka, hata gitaa likang'aa kama kiatu cha bwana harusi. Kisha likipigwa, husikika kama mtu anayesema huku amejifunika blanketi.

Sisi twafundisha watoto, hatuchongi mbao. Lakini kiangazi kimoja, toka mwezi wa Juni hata mwisho wa Agosti, tulikaa karibu kila jioni katika karakana ya mzee mmoja hapa Likasi, tukimsaidia kulitia gitaa rangi na mng'ao. Macho yake yamepungua nguvu, naye alihitaji mtu wa kumtazamia jinsi mwanga unavyopita juu ya ubao. Tuliyoyaona huko twapenda kuwaeleza wasomaji wetu, na hasa ninyi wanafunzi mnaodhani kwamba kazi ya fundi huisha anapoweka randa chini.

Gitaa lenyewe lilikuwa na mgongo na mbavu za mninga, mti ambao wenyeji wa Katanga huuita mulombwa. Wengi wenu mwaufahamu: ukiutema kwa shoka, hutoa utomvu mwekundu mithili ya damu, na ubao wake ni wa hudhurungi wenye joto, mzuri hata bila rangi yoyote. Uso, yaani ule ubao wa mbele wenye tundu, ulikuwa wa msonobari kutoka Ulaya, nao haukufika kwetu kwa heshima kubwa: ulikuwa mbao za sanduku lililoletea mitambo. Tusiucheke. Katika gitaa, ubao wa uso ndio unaoimba. Fundi Antonio de Torres wa Hispania, ambaye magitaa ya leo yafuata umbo la kazi yake, alitengeneza mwaka 1862 gitaa lenye mgongo na mbavu za karatasi ngumu na uso wa mbao nzuri, ili kuwaonyesha watu sauti yatoka wapi. Ubao huo wa uso ni mwembamba, milimita 2 na nusu hivi, nao hauna budi kutetemeka kama ngozi ya ngoma. Ukiulemea kwa vanishi nzito, umeifunga ngoma kwa matope.

Basi, aliyemwuzia mzee mbao hizo alimwambia kwamba ni kavu tena safi. Kavu zilikuwa. Usafi ulikwisha siku randa ilipofikia unene uliotakiwa, maana karibu na ukingo, upande wa chini, kilijitokeza kifundo cheusi, pale tawi lilipokuwa limeota zamani. Kifundo katika ubao mwembamba ni hatari, kwa sababu siku moja hukauka, kikalegea, kikadondoka au kuanzisha ufa. Mzee alikitoboa chote, akachonga kipande kidogo cha msonobari uleule, ukubwa wa punje ya haragwe, akakipachika kwa gundi huku mistari yake imeelekea kama mistari ya ubao. Kazi safi kabisa. Lakini kilikuwa kiraka, na mwenye macho aliweza kukiona.

Hapa ndipo pazuri pa kueleza mteja alitaka nini. Alikuwa kijana wa kwaya, amekwisha kuweka dola 50 kati ya dola 120 zilizopatanwa, na fedha hizo zilikwisha kununua nyuzi, vifunguo vya kukazia nyuzi, na gundi. Aliagiza gitaa la rangi ya machweo, kama alivyoliona katika picha: katikati dhahabu, na kadiri unavyokaribia ukingo rangi yakolea, ikawa nyekundu, kisha hudhurungi, mwisho karibu nyeusi. Msomaji amekwisha kuona. Kiraka kilikuwa ukingoni. Giza lile alilolitaka mteja lingekianguka juu yake barabara, kama usiku juu ya mwizi.

Tukamwambia mzee, «Mungu akupe nini tena? Paka rangi, jambo limekwisha.»

Akaendelea kunoa patasi yake. Kisha akasema, «Mwalimu, rangi ya machweo nitaipaka, maana ndiyo aliyoitaka. Lakini kwanza aje akione kiraka kikiwa uchi. Nikikifunika kabla hajakiona, nimemwuzia kitu nisichomwonyesha.»

Tulibishana naye jioni mbili. Hoja yetu haikuwa ya kitoto. Tulimwambia kwamba rangi yoyote huficha kitu; kwamba viwandani, kama tunavyosikia, ukingo mweusi wa machweo hufunika viungo visivyopendeza, na hakuna mnunuzi anayeitwa kuja kuvitazama; kwamba kiraka chake kilikuwa imara kuliko ubao wenyewe, kwa hiyo hakuna aliyepunjwa. Tena tulimkumbusha mjukuu wake, binti aliyekuwa akijitayarisha kwa mtihani wa taifa mwaka uliofuata. Karo yake ilitegemea dola zile 70 zilizobaki. Mteja akikataa gitaa, nani atamnunulia lingine la mbao za sanduku?

Mzee hakupinga hata neno moja kati ya hayo. Alisema tu, «Kumbe mwenyewe wakijua ni kiraka. Yeye je?» Akamtuma mjukuu kwenda kumwita kijana.

Alikuja Jumamosi. Mzee akaweka gitaa juu ya meza karibu na dirisha, akamwonyesha mahali kwa kidole, asiseme sana. Kijana aliinama, akapapasa, akagonga kwa ukucha, akakaa kimya kwa muda uliotusumbua sisi kuliko wao. Kisha akauliza kama patapasuka.

«Hapo hapatapasuka,» mzee akajibu. «Mahali pengine siwezi kuapa, mbao ni mbao. Likipasuka kabla ya masika mawili kupita, lilete, sitakudai kitu.»

Kijana akaomba apunguziwe dola 20. Mzee akakubali palepale, nasi tukaona uchungu, maana kiraka kile hakikupunguza sauti hata chembe. Kisha kijana, akiwa mlangoni, akageuka akasema, «Sasa baba, pakafunike vizuri sana, wenzangu wa kwaya wasipaone.» Mzee alicheka hata akalazimika kukaa.

Hivyo tukaanza kazi ya rangi. Watu wengi hudhani kutia mbao rangi ni sawa na kupaka ukuta. Sivyo. Rangi ya ukuta hukaa juu. Rangi ya mbao hupenya ndani, na mbao huipokea kwa namna yake yenyewe. Ukiteleza kwa gundi mahali fulani ukaacha alama ya kidole, mahali hapo patakataa rangi na kubaki peupe hata mwisho. Msonobari ndio msumbufu zaidi. Katika mistari yake, sehemu nyepesi iliyo laini hunywa rangi nyingi, na mstari mgumu uliokuwa mweusi hunywa kidogo. Kwa hiyo usipoangalia, kilichokuwa cheupe huwa cheusi na kilichokuwa cheusi huwa cheupe, kama ile filamu ya mpiga picha kabla haijasafishwa. Tena huwa na mabaka.

Mzee alianza kwa maji matupu. Akalowesha uso wote kwa kitambaa, akauacha ukauke. Nyuzinyuzi za mbao, zilizokuwa zimelazwa na msasa, zikasimama kama nywele za mtu aliyeogopa. Akazipitia kwa msasa laini, namba 220, kisha akarudia. Kama usipofanya hivyo, zitasimama siku ya rangi, nawe utakapozikata kwa msasa utakata na rangi pamoja. Baada ya hapo akapaka maji yenye gundi ya ngozi kidogo sana, ili sehemu laini za msonobari zishibe kiasi, zisije zikanywa rangi kwa pupa.

Rangi alizochagua zilikuwa unga wa kuyeyusha katika maji. Tulimwuliza kwa nini asitumie ile ya kuyeyusha katika alkoli, inayokauka upesi. Jibu lake lilikuwa la mtu anayefikiri hatua tatu mbele: mng'ao wa mwisho utapakwa kwa alkoli, na rangi iliyoyeyuka katika alkoli itaamka tena itakapoguswa nayo, ikasogea, ikaharibu machweo yote. Rangi aliyoichagua ya maji hubaki imelala.

Alijaribu kwanza juu ya vipande vya ubao uleule, si ubao mwingine, na kila kipande kilipokauka akakidondoshea alkoli. Rangi ikikauka juu ya mbao hufifia na kuonekana kama vumbi. Ikiloweshwa huonyesha sura itakayokuwa nayo chini ya mng'ao. Alitupa vipande sita. Siku ya saba ya kazi akapaka manjano hafifu uso mzima, kisha, ubao ukiwa bado na unyevu, akaleta nyekundu na hudhurungi kutoka ukingoni, akizifukuza kuelekea katikati kwa kitambaa kibichi hata mpaka ukayeyuka usionekane. Kazi ya dakika chache, nasi tulishika taa bila kupumua. Pale penye kiraka, rangi ilikolea kidogo kuliko pembeni. Anayejua huona, na asiyejua haoni kitu.

Katika mng'ao ndimo mlimokuwa na mambo mengi ya kujifunza. Mzee hatumii vanishi ya dukani. Hutumia kitu ambacho Wafaransa hukiita gomme-laque. Sisi tutakiita lakiri, maana ndicho kilichokuwa kiini cha ile lakiri nyekundu ya kufungia barua na kupigia mihuri. Je, mwajua yatoka wapi? Si utomvu wa mti. Ni kazi ya wadudu wadogo mno wakaao juu ya matawi ya miti fulani, hasa nchini India na Thailand. Mdudu huyo hufyonza maji ya mti, akatoa mwilini mwake gamu, akajifunika nayo pamoja na wenzake, hata tawi likavikwa ganda gumu. Watu hukata matawi hayo, wakakwangua ganda, wakaliponda, wakaliosha, wakaliyeyusha kwa moto na kulichuja, kisha wakalitandaza likawa kama kioo chembamba cha rangi ya asali. Likipoa huvunjwa vipande vyepesi kama magamba ya samaki. Kwa kuwa wadudu hao huishi kwa makundi yasiyohesabika, wengi husema jina lao lilitokana na neno la kale la Kihindi la mia elfu, lile lililotupa sisi laki katika hesabu zetu.

Hapa tusamehewe kwa kupita njia ya pembeni kidogo. Kabla ya santuri za plastiki kuenea katika miaka ya 1950, santuri nzito zilizozunguka mara 78 kwa dakika zilitengenezwa kwa lakiri hiyohiyo, ikichanganywa na unga wa mawe. Ilikuwa hapa kwetu, mji ulipoitwa bado Jadotville, kwamba Hugh Tracey alimrekodi mwaka 1952 kijana Jean Bosco Mwenda akipiga «Masanga». Kwa hiyo sauti ya gitaa la Katanga ilizunguka Afrika ikiwa imechorwa juu ya jasho la wadudu wa Asia. Mzee asema baba yake alikuwa na santuri kama hizo, na zikianguka zilivunjika kama sahani.

Magamba ya lakiri huyeyushwa katika alkoli kali, ya digrii 95 hivi. Mzee aliweka gramu 30 katika desilita 2, ndani ya chupa ya kioo na si kopo la bati, kwa kuwa chuma huitia lakiri weusi. Akaitikisa asubuhi na jioni kwa siku mbili, kisha akaichuja. Kijana mmoja jirani, aliposikia bei ya alkoli safi, alishauri tununue lutuku kwa mama wa mtaa wa pili, tena inayobaki tutajua la kuifanyia. Tulicheka, lakini mzee alimjibu kwa uzito: lutuku ina maji mengi, lakiri haitayeyuka vema humo, nayo ikikauka itakuwa na utusitusi mweupe kama ukungu juu ya ziwa. Hata hewa yenye unyevu huleta ukungu huo. Ndiyo sababu hakukubali kuanza kazi hii wakati wa mvua, ingawa kiangazi nacho kina adui yake, yaani lile vumbi letu jekundu. Alifanya kazi alfajiri, sakafu ikiwa imenyunyiziwa maji usiku, na mlango umefungwa.

Jambo lingine mlishike: lakiri ikiyeyushwa haidumu. Ikikaa miezi mingi chupani, hugeuka, haikauki tena ikawa ngumu, hubaki inanata milele. Mzee hudondosha tone juu ya kioo. Likikauka gumu upesi, sawa. Likishika kidole baadaye, chupa yote yamwagwa, hata kama fedha zauma.

Haipakwi kwa brashi. Hutengenezwa kifuko ambacho Wafaransa hukiita tampon: ndani sufu ya fulana iliyochakaa, nje kitambaa cha shati la zamani lililofuliwa mara mia. Lakiri humiminwa juu ya sufu, kifuko hukandamizwa juu ya karatasi hata kisitoe maji ila unyevu tu, na chini yake huguswa tone moja la mafuta ya zeituni ili kiteleze. Kisha huanza mwendo. Kifuko hakiruhusiwi kusimama juu ya ubao hata mara moja. Hushuka kikiwa kinakwenda na kuondoka kikiwa kinakwenda, kama mbayuwayu anywaye maji mtoni. Kikisimama kwa muda wa kufumba jicho, alkoli huyeyusha tabaka lililo chini, na kitambaa kikaacha alama yake humo. Huzungushwa kwa miduara midogo, kisha kwa mfano wa namba nane, kisha kwa mistari iliyonyooka.

Mgongo wa mninga ulitaka kazi ya ziada, kwa sababu mti huo una vitundu vingi kama ngozi ya chungwa. Mzee alisaga lile jiwe jepesi la volkano ambalo watu husugulia visigino, akanyunyiza unga wake kidogo na kuusugua kwa kifuko. Unga ule hukwangua mbao kidogo sana, ukachanganyika na vumbi la mninga na lakiri, ukaziba vitundu kwa rangi ya mbao yenyewe. Kazi hiyo tu ilichukua siku nne.

Alipofika kwenye ukingo, mzee alitoa kikopo chenye magamba ya mti wa mukula. Wazee wa nchi hii walikuwa wakisaga mti huo wakapata unga mwekundu wa kujipaka mwilini na kupaka vinyago. Wekundu wake karibu hauyeyuki katika maji, bali huyeyuka katika alkoli. Basi aliuloweka, akauchuja, akautia matone machache ndani ya lakiri ya mwisho ya ukingoni. Tulisema, je, hautasogea kama ulivyotuonya? Akasema hapana, kwa sababu haupo chini kama shuka, umo ndani ya lakiri yenyewe, nao hupakwa mwembamba mara chache tu. Alituonya pia kwamba jua litaufanya uwe hudhurungi baada ya miaka. Alikuwa ameukwangua katika mguu wa kigoda kilichovunjika. Mukula mpya hautaki kuununua: miti hiyo ilikatwa ovyo sana Katanga ili kupelekwa Asia, hata mwaka 2019 biashara yake kati ya nchi na nchi ikawekwa chini ya uangalizi wa mkataba wa CITES.

Sasa tuseme ukweli kuhusu yule mjukuu. Siku za kwanza alikaa pembeni na vitabu vyake, akatazama. Wiki ya tatu mkono wa mzee ulianza kutetemeka kwa uchovu katikati ya uso wa gitaa, na kifuko kilikuwa karibu kusimama. Binti alinyanyuka bila kuambiwa, akaweka mkono wake juu ya mkono wa babu, mwendo ukaendelea, kisha mkono wa babu ukatoka chini, na kifuko hakikusimama. Tangu siku hiyo uso aliufanya yeye. Mzee alisikiliza tu. Alisema kifuko chenye lakiri ya kutosha husikika kama hariri, na kinachokauka husikika kama majani makavu, naye alimwongoza kwa sauti hiyo: «Ongeza. Usikandamize. Pumzisha mpaka kesho.»

Kupumzisha ndiko kulikotushinda sisi watazamaji. Kila mara, tabaka likipendeza, tulitaka lingine juu yake upesi. Mzee alikataa. Lakiri hukauka juu kwa dakika chache, lakini ndani yachukua siku, na baada ya wiki mbili huzama kidogo katika mbao na kuonyesha mabonde yaliyokuwa hayaonekani. Ukiharakisha, umefungia alkoli na mafuta ndani. Walipaka mara kumi na mbili, na jumla ya unene wake bado ilikuwa nyembamba kuliko karatasi ya daftari. Siku ya mwisho binti alipitisha kifuko chenye alkoli karibu tupu, kwa mistari mirefu, kuondoa mafuta yaliyobaki juu. Hapo utusitusi ukatoweka ghafula na uso ukafunguka kama maji ya kisima jua linapoingia. Mahali pa daraja, linaloshika nyuzi, palikuwa pamefunikwa karatasi muda wote, maana gundi haishiki juu ya lakiri, hushika mbao.

Kuna wanaotafuta siri katika mambo haya. Kwa miaka mingi watu walidai kwamba Stradivari, yule fundi wa fidla wa Cremona aliyefariki mwaka 1737, alikuwa na dawa isiyojulikana katika mng'ao wake. Mwaka 2009 wataalamu wa Ufaransa walitangaza matokeo ya kuchunguza vyombo vyake vitano vilivyohifadhiwa Paris: walikuta mafuta kama ya wachoraji, utomvu wa msonobari, na rangi nyekundu zilizojulikana na watu wote wa zama zake. Tulipomsimulia mzee, aliuliza tu, «Alikuwa akipaka mara ngapi?» Hatukuwa na jibu.

Kijana wa kwaya alilichukua gitaa mwanzoni mwa Septemba, akalipa dola 50 zilizobaki baada ya kupunguziwa. Zilitosha sehemu ya karo. Nyingine mzee aliipata kwa kutengeneza viti. Jumapili iliyofuata tulikaa nyuma kanisani tukasikiliza. Sauti yake haikuwa kubwa. Ilikuwa safi, na uzi wa chini ulidumu hewani hata baada ya mkono kuondoka. Wanakwaya walilishika mmoja baada ya mwingine na kulisifia machweo.

Mwezi wa Januari, mvua zikiwa zimekazana, kijana alirudi karakana amevaa uso wa msiba. Kwenye arusi fulani mtu alikuwa amemwagia gitaa glasi ya lutuku. Alkoli ilikuwa imeyeyusha mng'ao na kuacha doa jeupe lenye mikunjo, pana kama kiganja, na doa hilo lilikuwa ukingoni, juu ya kiraka kilekile. Kwa kuwa rangi ya machweo ilikuwa ya maji, yenyewe haikusogea, ila wekundu wa mukula ulikuwa umetoka. Kiraka sasa kilionekana wazi.

Mzee alipapasa kwa vidole, akauliza kama kuna ufa. Hakukuwa na ufa.

Vanishi nyingi za kisasa zikiharibika hivyo, hapana njia ila kukwangua zote na kuanza upya, maana tabaka jipya halishikamani na la zamani. Lakiri si hivyo. Alkoli iliyoiharibu ndiyo inayoiponya: tabaka jipya huyeyusha kidogo la zamani, yakawa kitu kimoja. Binti alingoja asubuhi moja isiyo na mvua, akawasha jiko la makaa kwenye kona ili hewa ikauke, akaliweka mbali na chupa ya alkoli, akalizima kabla ya kufungua chupa. Akafanya kifuko kidogo, ukubwa wa dole gumba. Kijana alikaa akitazama kuanzia mwanzo hata mwisho. Baada ya siku tatu doa lilikuwa limekwisha.

Lakini binti hakuwa ametia mukula, kwa sababu kikopo kilikuwa tupu. Kiraka kikabaki kinaonekana kidogo kuliko zamani za Septemba, kama punje ya haragwe ya dhahabu katika ukingo mweusi. Akamwuliza kijana kama angoje mpaka watakapopata magamba mengine.

Kijana alilipiga gitaa kidogo, akaliinamia kusikiliza. «Liache,» akasema. «Wamekwisha kukiona wote kwenye arusi.» Akauliza bei. Mzee alimwambia masika mawili hayajapita.